Kerezo Lililojengewa Ukuta

Habari za kerezo lile Bi Nati alizipata kwa muuza vyuma chakavu, tena kwa bahati tu. Alikuwa ameinama juu ya rundo la vyuma, anachambua gia za cherehani zilizokufa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, ndipo yule bwana akaanza kulalamika kama mtu anayezungumza peke yake.

"Mzee yule ana kichwa kigumu! Nyumbani kwake kuna mashine nzito kama ng'ombe wawili. Nimekwenda mara nne, na mara nne zote kanifukuza."

"Mashine gani?"

"Ya kukereza chuma. Ndefu hivi." Akapanua mikono mpaka ikagoma. "Ningeikata vipande vipande, mwezi mzima nisingeumiza kichwa."

Gia ilimponyoka Bi Nati ikarudi kwenye rundo. Hakuiokota.

Ukitaka kujua kwa nini, ni lazima ujue alikotoka. Alikuwa ameingia karakana ya kiwanda cha nguo akiwa msichana, kazi yake kufagia. Alifagia nyuzi za chuma zilizoanguka miguuni mwa wakerezaji, na kila alipofagia aliangalia juu. Siku moja mkerezaji akaugua, kazi ikabana, msimamizi akashika kiuno asijue la kufanya, na mfagiaji akasema, "Mimi naweza." Walicheka sana. Kisha wakaacha kucheka. Alikaa pale miaka ishirini na miwili, mifuko ya aproni yake imejaa nati zinazolia kila akitembea, na ndipo wenzake walipombandika jina hilo la Bi Nati. Kiwanda kilipofunga milango, jina alikwenda nalo nyumbani. Kerezo hakwenda nalo.

Tangu hapo, miaka tisa sasa, alikuwa akitengeneza cherehani za watu katika chumba cha uani. Kazi ilikuwepo, wateja walimpenda, lakini kila kijiti cha chuma kilipolika ilimbidi akichonge kwa tupa tangu asubuhi hadi mabega yapige kelele, au akipeleke kwa fundi mmoja upande wa pili wa mji, ambaye alikuwa hodari wa kitu kimoja tu: kusema "njoo kesho".

Jioni ile alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole, ambaye akiingiwa na wasiwasi huchukua kalamu.

"Uzito wake kiasi gani?" akauliza, kalamu tayari mkononi.

"Kilo mia tisa. Labda elfu moja."

Mwalimu akaandika, akagawanya, akachora mraba, akautazama mraba ule kama mgonjwa mahututi. "Sakafu yetu haiwezi."

"Najua."

"Nikikuambia usinunue, utaninunia mwezi mzima. Nikikuambia nunua, sakafu itapasuka."

"Basi chagua, mwalimu."

Mumewe akafunika kalamu. "Nachagua sakafu ipasuke," akasema, na Bi Nati akamkumbatia kwa nguvu hata miwani ikamkaa upande.

Kesho yake alikwenda kwa huyo mzee pamoja na wifi yake. Wifi huyu, dada wa mwalimu, alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, lori dogo lililozoea kubeba mchanga, makabati, na maneno ya mwenye lori, ambayo ndiyo yalikuwa mzigo mkubwa kuliko yote.

"Wifi, kaka yangu alikuoa akidhani amepata mke," alisema njiani. "Kumbe kapata gereji."

"Na ninyi mlipokuja kunichumbia mlisema kwenu hakuna mtu mwenye mdomo. Wewe walikuficha wapi?"

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mzee, mnene, mwenye macho makali. Aliwatazama mikono kwanza. "Kama mmekuja na mizani, geuzeni."

"Nimekuja na tambara, mama," Bi Nati akasema, akalitoa mfukoni. "Nataka kuifuta nione ikoje."

Mama yule akamwangalia, akaliangalia tambara, akageuza uso ndani. "Baba! Leo wamekuja watu."

Mzee alikuwa mrefu, mkavu, ana shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Bi Nati alipomwamkia, mzee aliitikia akanyoosha mkono, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka kama jani. Hakuuficha. Aliwapitisha kwenye kijia chembamba cha nyumba, akafungua mlango mdogo, akavuta shuka la maua lililokuwa limefunika kitu kirefu.

Kerezo lilikuwa pale, kijani kilichofifia, linang'aa mafuta. Wifi, aliyekuwa na sentensi tayari mdomoni, aliimeza.

Bi Nati aliinama akapitisha ukucha juu ya zile reli mbili ndefu ambazo kigari cha kisu huteleza juu yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akitafuta palipolika. Alizungusha kwa mkono ule mdomo wenye taya tatu unaobana chuma, akaweka sikio. Alitikisa huku, akavuta kule. Gia moja ilikuwa na jino lililojazwa kwa kuchomelewa, kisha likapigwa tupa vizuri mno hata usingelijua mpaka uliguse.

"Hili jino nani alilitengeneza?"

"Mimi," mzee akasema. "Zamani, mikono ilipokuwa yangu."

Kisha akachukua kipande cha chuma cha duara, kirefu kama mwiko, akampa. "Nioneshe."

Miaka tisa Bi Nati hakuwa amesimama mbele ya kerezo. Alibana chuma katika taya, akakaza, akarekebisha kisu, akavua bangili akampa wifi, akabonyeza swichi. Mota ikaguna, mkanda ukashika, chuma kikaanza kuzunguka. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye gurudumu dogo la kigari kama mtu anayerudi nyumbani gizani bila taa. Kisu kikagusa. Uzi wa kwanza wa chuma ukachomoza, ukajikunja, ukawa wa buluu kwa joto, ukaendelea kurefuka bila kukatika, na Bi Nati akajikuta anacheka kwa sauti, machozi yanamtoka, hajui kipi kimetangulia.

"Zima," mzee akasema. Mashine ikatulia. "Inatosha. Ichukue."

Bei waliipatana kabla chai haijapoa. Bi Nati alishangaa, maana, kwa maneno ya mama mwenyewe, ilikuwa chini ya ile ambayo muuza vyuma alikuwa ameahidi. Alipomwambia hivyo, mzee alikunja uso. "Yule alitaka kunipimia kilo. Mimi siuzi kilo."

Hapo ndipo mke wake, aliyekuwa amekaa na kikombe, alipoanza kutikisika. Mwanzo walidhani amepaliwa. Kumbe anacheka.

"Baba," akasema akifuta macho, "waambie sasa wataitoaje."

Mzee akakitazama kikombe chake kwa makini sana.

Kikapatikana kisa chenyewe. Zamani karakana ile na jiko vilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye mlango mpana wa kutokea uani upande wa jiko, na dirisha kubwa upande wa mashine. Kerezo liliingia kwa mlango huo mpana. Kisha mzee akaona moshi wa jikoni unaipa mashine yake kutu. Akapanga matofali, akapiga plasta, akajenga ukuta katikati kuanzia sakafu hadi dari. Mashine ikabaki upande wenye dirisha. Mkewe akabaki upande wa pili.

"Miaka kumi na minne," mama yule akasema, "napika kama panya. Mlango nikiuacha wazi kuku wanaingia sufuriani, nikiufunga nawasha taa mchana kweupe nione kama maharage yameiva."

Bi Nati akatoa futi ya kupimia, akapima ule mlango mdogo wa kijiani, akapima mashine, akapima tena akitumaini futi itamhurumia. Haikumhurumia. Hata ukiifungua vipi, kile kiwiliwili chake cha chuma kisingepita.

"Hakuna njia ila..." akaanza, akamtupia mzee jicho la huruma, maana kumwambia mtu avunje nyumba yake si jambo dogo.

Lakini mama alikuwa ameshainuka na kutoka. Aliporudi alikuwa ameikumbatia nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. "Ila hii," akasema. "Tuanze?"

Ilibidi wambembeleze. Sakafu ya kule mashine inakokwenda haikuwa tayari, na mwalimu alikuwa amesema zege likimwagwa leo linataka wiki tatu. Mama akaisimamisha nyundo mlangoni mwa jiko, na kwa wiki tatu hizo hakuna aliyehesabu siku kumshinda yeye.

Mwalimu naye alikuwa na shughuli zake. Alichimba sakafu ya chumba cha uani mwenyewe, akapanga nondo, akamwaga zege kwa vipimo alivyoviandika ukutani kwa chaki, kisha akawa analimwagilia maji asubuhi na jioni kama bustani ya mchicha. Majirani walipomuuliza anapanda nini alijibu, "Napanda mke asininunie."

Siku ikafika, Jumamosi yenye jua. Wifi alirudisha lori kinyumenyume hadi uani kwa mzee, likiwa limebeba mabomba ya chuma, mbao nene, mitaimbo, winchi ya mnyororo, na wabeba mizigo wanne. Kiongozi wao alikuwa jamaa mmoja mpana ajabu aliyeitwa Treni.

Pigo la kwanza lilikuwa la mama. Hakuna aliyethubutu kulidai. Alifunga kitambaa kichwani, akatema mate viganjani, akainua nyundo. *Pu!* Plasta ikadondoka. *Pu!* Tofali likaingia ndani. Pigo la tatu tundu likafunguka, na mwanga wa lile dirisha ukapenya, mstari mmoja mnene wenye vumbi, ukaenda kutua juu ya masufuria yake yaliyotundikwa. Mama akaishusha nyundo, akautazama.

"Njoo uone, baba," akasema taratibu. "Lile sufuria kumbe ni jekundu."

Mzee akaja, akasimama kando yake. "Ningejua, ningejenga na kidirisha," akasema.

"Ulijua."

"Nilijua," mzee akakiri, na mama akamsukuma bega kwa bega, wote wawili wakiwa wamejaa vumbi jeupe kama watu waliotoka kwenye unga.

Ukuta ulipokwisha kushuka, kazi yenyewe ikaanza. Bi Nati alishika spana, akafungua ule mkia wa mashine uliokaa mwishoni mwa reli, akautoa. Alitaka pia kukisogeza kigari hadi mwisho kabisa, lakini Treni alikuwa na haraka.

"Mama, tuachie sisi. Nimebeba majokofu, nimebeba makabati ya chuma, nimebeba hadi bwana harusi aliyezimia."

"Hili halifanani na bwana harusi. Kichwa chake ndicho chenye uzito wote, na miguu yake imebanana. Ukiliinua vibaya linalala."

"Litalalaje na mimi nipo?" Treni akasema, akachomeka mtaimbo chini ya mguu wa mbele, akaukandamiza kwa mwili wake wote.

Kerezo likainuka. Kisha polepole, bila haraka yoyote, likaanza kuinamia upande wa ukuta wa nje. Mtu mmoja akaruka, wa pili akalikumbatia kama jamaa anayetaka kusafiri. Uso wa Treni ulibadilika rangi. Bi Nati hakupiga kelele. Alilala chini kifudifudi, akasukuma gogo la mbao chini ya ule upande ulioinuka wenye mwanya, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia karakanani, "Shusha. Kidogo. Kidogo tena. Hapohapo." Mtaimbo ukalegea, mguu ukaketi juu ya gogo, mashine ikatulia.

Treni akafuta jasho kwa mkono mzima. "Mama," akasema, "sema tu. Sisi tunasikiliza."

Na kweli walisikiliza. Kigari kikasogezwa mwisho, mnyororo wa winchi ukazungushwa pale aliposema yeye na si penginepo, mabomba yakapangwa chini, na kerezo likaanza safari yake ya kupita jikoni, bomba likitoka nyuma linakimbizwa mbele, hatua kwa hatua, huku mama mwenye nyumba akitangulia kuondoa mabeseni na kulisalimu kila lilipovuka tofali: "Pita mwanangu, pita, usiangalie nyuma." Uani zikawekwa mbao mbili nene hadi kwenye bodi ya lori, mnyororo ukakazwa, ukalia *tik, tik, tik*, kila mlio likipanda upana wa kidole kimoja. Lilipokaa sawasawa juu ya lori, springi za lori zikalalama na wifi akalalama nazo.

"Wifi, lori langu limekaa kama kuku anayetaga!"

Mzee aliingia kwenye kibanda cha dereva bila kuuliza mtu. "Nalisindikiza," akasema. Wakabanana watatu mbele, na njia nzima mzee alikuwa amegeuza shingo kwenye kidirisha cha nyuma.

Wifi hakuwahi kuendesha vile maishani mwake. Alikwenda mwendo wa harusi. Magari yalipiga honi nyuma, baiskeli ikawapita, kisha akawapita mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani, akawatakia safari njema. Kwenye mteremko wifi aliweka gia ya chini kabisa, akakaza meno, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake akanyamaza dakika tano mfululizo.

"Mtu huyu anaendesha vizuri," mzee akamwambia Bi Nati. "Na ametulia sana."

Bi Nati aling'ata mkono wake asiangue kicheko. Alishindwa, wifi akashindwa, na mzee, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka nao.

Nyumbani mwalimu alikuwa barabarani akielekeza magari kwa gazeti lililokunjwa. Nusu ya mtaa ilikuwa pale. Kila mtu alitaka kushika bomba, kila mtu alikuwa na shauri, na Treni akawa anawakemea kwa maneno yaleyale aliyofundishwa saa tatu zilizopita: "Taratibu! Kichwa ndicho chenye uzito!" Kabla jua halijaanza kushuka kerezo lilikuwa limekaa juu ya zege. Mwalimu alipiga magoti, akalikagua zege pande zote nne, akaweka sikio. Halikupasuka. Aliinuka akiwa na sura ya mtu aliyefaulu mtihani wa taifa.

Mzee akaweka pimamaji juu ya reli. Wakachomeka vibati vyembamba chini ya mguu huu, wakatoa chini ya ule, hadi lile povu dogo likasimama katikati na kukataa kuondoka. Mkia ukarudishwa, mota ikafungwa, waya zikaunganishwa. Watu wakajaa mlangoni.

"Haya, washa," mzee akasema.

Bi Nati akabonyeza swichi. Mashine ikaguna, ikashika, ikazunguka vizuri kabisa, laini kama maziwa, kinyumenyume.

Wifi akawahi: "Linataka kurudi kwao!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Mwalimu alishika ukuta. Treni alikaa chini kabisa. Mzee mwenyewe alicheka hadi vifungo viwili vya shati lake vikafunguka, na hakuvifunga tena. Zilikuwa waya mbili tu ndani ya mota zilizobadilishana nafasi, na mikono yake ilipokataa kushika bisibisi, alielekeza kwa maneno na Bi Nati akazihamisha. Swichi ikabonyezwa mara ya pili. Safari hii lilizunguka kama inavyotakiwa.

Watu walipiga makofi, wakatazama kidogo, kisha wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu na shughuli zake. Wifi alimwita mzee, akasema mama amepiga simu, chakula kimeiva, anataka mtu wa kukila katika jiko lenye mwanga. Mzee akaitikia kuwa anakuja, lakini hakusogea. Bi Nati alikuwa amebana kipande cha chuma, ameinamisha kichwa, uzi wa buluu unamwagika miguuni pake. Alipozima, mzee akachukua kalipa ya kupimia unene, akaishika kwa mikono miwili iache kutetemeka, akapima huku, akapima kule, akainua nyusi.

"Kimezidi unene. Unywele mmoja."

"Nimeona," Bi Nati akasema.

"Basi?"

Bi Nati alijifuta mikono kwenye aproni, akasogeza kisu kidogo tu, akawasha tena.